Namsomea mama riwaya ya Malkia mpelelezi, sasa maswali yake yamenizidi

BintiIlazo:
Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Naandika toka Ilazo hapa Dodoma, naomba msaada kwa wanaosoma riwaya za kizungu za upelelezi maana nimejiingiza mwenyewe kwenye mtego na sijui natokaje. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, mwezi uliopita katolewa mtoto wa jicho, jicho moja tayari na la pili linasubiri zamu yake, daktari kamwambia asiyalazimishe macho. Sasa huyu ni mtu ambaye hata gazeti lililofungia maandazi analikunjua analisoma kwanza ndo anakula, ukimkataza kusoma umemfunga jela. Redio kaichoka, tamthilia za kwenye tivii anasema wanalia tu hakuna wanachofanya.

Basi kuna mfanyakazi mwenzangu alitoka Dar na SGR, njia nzima anasoma kitabu, anasema ile treni inakimbia mno kafika Dodoma hajamjua muuaji ikabidi amalizie kitandani, kesho yake kaniletea mimi. Kinaitwa The Windsor Knot, kaandika S.J. Bennett, cha 2020. Mpelelezi ni Malkia Elizabeth mwenyewe, yule yule aliyefariki Septemba 2022. Humo ndani ni Aprili 2016, siku chache kabla hajatimiza miaka 90, kuna wageni wamealikwa kula na kulala kwenye kasri la Windsor, kunakucha kijana mmoja Mrusi mpiga piano anakutwa amekufa ndani ya kabati. Wakubwa wa usalama wanasema hapa ni Urusi, kuna jasusi kapandikizwa humu kati ya wafanyakazi, bibi wa watu anawasikiliza weee halafu moyoni anasema hapana.

Kila usiku tukimaliza kula namsomea. Nasoma sentensi kimoyomoyo halafu naisema kwa Kiswahili, ikinishinda naizunguka. Mama anakaa kwenye mkeka na ungo wa choroko, anachambua kwa vidole bila kuangalia, kijiwe kikigusa ncha ya kidole anakitupa kwenye sahani ya bati, tik. Mstari mmoja, tik. Mstari mwingine, tik tik. Juzi nimefika pale wanahojiwa wageni wakubwa wakubwa, mkono ukasimama ungoni. Akauliza, "Na aliyetandika hivyo vitanda, wamemuuliza?" Nikamwambia mama sijui bado sijafika huko. Akasema, "Basi hao kazi hawajaianza."

Sasa wakuu, anataka kujua viko vingapi na kama lazima tufuate mpangilio. Anataka kujua huyu Malkia kweli alikuwa anapeleleza au ni chai. Na vyeo vinanitesa, kuna yule dada Rozie anayemsaidia Malkia, mi nikamwita katibu muhtasi, mama siku tatu nzima akaamini kazi yake kuchapa barua, halafu Rozie akafanya mambo mazito mama akanigeukia, "Huyu mchapaji ana mamlaka gani?" Ila lililonileta hasa ni hili, jana kaniuliza kwa nini hadithi kama hii isiwe ya kwetu, kwani Ugogo watemi hawakuwepo? Kuna mtu anajua riwaya ya Kiswahili yenye mpelelezi wa ukoo wa kitemi?

Na tafadhali sana msinitajie muuaji, tuko katikati.

MakoleMsomaji:
Dada karibu kwenye ugonjwa, mi vyote nimevimaliza na cha kwanza nimekirudia.

Viko vitano mpaka sasa. Hicho chenu, halafu A Three Dog Problem cha 2021, ila angalia hapo, Marekani hicho hicho wanakiuza kwa jina la All the Queen's Men, mimi nilinunua vyote viwili nikajiona nimepata bahati, ukurasa wa pili nikajua nimepigwa na ujinga wangu mwenyewe. Halafu Murder Most Royal cha 2022, A Death in Diamonds cha 2024, na The Queen Who Came in from the Cold cha 2025. Vile vitatu vya kwanza vifuate kwa mpangilio maana vyote ni ndani ya mwaka mmoja wa 2016, cha kwanza Windsor, cha pili ni vuli pale Buckingham mfanyakazi wa ndani anakutwa amekufa kando ya bwawa la kuogelea, cha tatu ni Krismasi Sandringham na kunaokotwa mkono wa mtu ufukweni, mkono tu, mwenyewe hayupo. Ukiruka utamkuta Rozie ameshazoea kazi na utamu wa kumwona akijifunza utaukosa. Cha nne na cha tano vinarudi nyuma, Malkia bado kijana, cha nne ni 1957 ana miaka 31, na msaidizi ni mwingine anaitwa Joan. Hivyo soma siku yoyote.

Kupeleleza kweli hapana, mwambie mama ni kutunga. Ila mwandishi kajenga juu ya vitu vya kweli, yale masanduku mekundu ya nyaraka za serikali aliyokuwa anasoma karibu kila siku ya mwaka, kuonana na waziri mkuu kila wiki, vile vijibwa vyenye miguu mifupi. Ndo maana unasoma unasahau.

Kuhusu Rozie, mwite msaidizi wa katibu wa Malkia. Ikulu yao katibu wa Malkia ni mtu mkubwa kwelikweli, barua zote na safari zote zinapita kwake, na Rozie ndo msaidizi wake. Mzaliwa wa Uingereza, wazazi asili yao Nigeria, kabla ya hapo alikuwa afisa wa jeshi kwenye mizinga. Usimfanye mchapaji mama atakuja kukudai.

Halafu angalia kitu kimoja wakati unasoma, huyu bibi hahoji mtu. Hawezi. Akimuuliza mtu swali moja la maana, kesho liko gazetini na keshokutwa bungeni. Kwa hiyo anafanyaje? Anadondosha neno. Anamwambia mkubwa wa polisi, "Nimeshangaa kidogo kuhusu jambo fulani," anaishia hapo anakunywa chai yake. Yule mwanaume anaondoka na lile neno kichwani, siku ya tatu anarudi mbio amegundua, anamwelezea Malkia kwa kirefu kama anamfundisha mtoto, na Malkia anamwambia ahsante, kazi nzuri. Ujiko wote unabaki kwa yule jamaa. Mi hapo huwa nafunga kitabu nacheka peke yangu.

KarangaZaKongwa:
Samahani mleta mada ila mi sijaelewa kabisa. Mtu ana kasri, ana walinzi, ana watumishi mia na kitu, halafu tukae Dodoma na mgao wa maji tumwonee huruma kwamba hapewi sifa akigundua muuaji? Huku Kongwa wazungu wa serikali ya huko huko walikuja 1947 na matrekta wakasema watalima karanga dunia nzima ipate mafuta, ardhi ikawa ngumu kama sakafu, mvua ikagoma, 1951 mradi ukafungwa. Hicho ndo kifo cha kupeleleza, nani aliua zile hela. Mwambieni Malkia wenu aanzie hapo.

MakoleMsomaji:
Hahaha mkuu 1951 alikuwa bado binti mfalme, baba yake ndo alikuwa kitini, yeye kashika Februari 1952. Ana ushahidi wa kutokuwepo.

WakiliUchwara:
KarangaZaKongwa usimfukuze Malkia haraka hivyo, alikuwa wako. Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 hatukuwa jamhuri siku hiyo. Mwaka mzima mpaka 9 Desemba 1962 mkuu wa nchi wa Tanganyika alikuwa ni yeye, na Turnbull aliyekuwa gavana akabaki kama mwakilishi wake, mpaka Mwalimu alipokuwa rais. Watu wengi hili hawalijui, mi mwenyewe nililijua kwenye notisi za chuo nikadhani mwalimu kakosea.

Na hapa kwa sisi wa sheria ndo utamu ulipo. Leo ukifungua hukumu ya kesi ya jinai unakuta Jamhuri dhidi ya fulani, si ndiyo? Kwa wenzetu mshtaki alikuwa Malkia, wanaandika herufi R peke yake halafu jina la mshtakiwa, na mahakama zetu nazo zilikuwa zinaandika hivyo hivyo kabla ya jamhuri. Kila mwizi, kila muuaji, kesi yake ni Malkia dhidi ya yeye. Halafu mahakama hizo hizo hazikuweza kumlazimisha Malkia kutoa ushahidi. Sasa mweke huyo huyo mlalamikaji wa kesi zote za nchi awe anapeleleza kimya kimya chumbani kwake na mbwa miguuni, hawezi kushtaki kwa mdomo wake, hawezi kusimama kizimbani, hawezi hata kusema nilisikia. Kwa mtunzi hiyo ni zawadi. Ukimpa kazi hiyo hiyo askari kanzu unapata kitabu cha kawaida tu.

KarangaZaKongwa:
Hii ya Malkia wa Tanganyika sikuwa naijua kweli. Ila bado sinunui.

MzeeWaMvumi:
Mbukwenyi wote. Mimi ni mzee, naandika taratibu, mjukuu ndiye ananiwekea mafuta ya simu, yaani bando, nikikosea herufi mnisamehe.

Binti yangu wa Ilazo, marahaba, na mpe pole mama yako. Umeuliza kuhusu watemi. Walikuwepo, tena wengi, maana Ugogo haikuwa ufalme mmoja, kila kipande cha nchi kilikuwa na mtemi wake, na kazi yake kubwa haikuwa kupiga watu vita, ilikuwa mvua. Mawe ya mvua yako kwake, ruhusa ya kupanda iko kwake, jando likiingia lini yeye ndiye anasema. Alipokuja Mwingereza na utaratibu wake wa kutawala kupitia machifu, akawaongezea makarani na kodi. Jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi wengi mnalijua kwa sababu ya ile shule ya sekondari pale mjini, ambayo tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. 1963 serikali ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama.

Sasa nikuambie kuhusu upelelezi. Mtemi mwenyewe hawezi kupeleleza, huyo kijana wa Makole kasema kweli kuhusu Malkia wake. Mtemi akiinuka kwenye kigoda akaenda kumuuliza mtu, nchi nzima inajua huyo ameshukiwa, na ukishamshuku mtu hadharani ndugu zake hawasahau. Kwa hiyo aliyekuwa anajua mambo ni nani? Ni bibi zetu.

Mnaijua tembe? Vijana mnaiona kwenye makumbusho. Ni nyumba ndefu ya udongo, paa limelala bapa la udongo, imezunguka ua na ng'ombe wanalala katikati. Ndani giza, madirisha hakuna au ni kitundu. Mle ndani mwanamke anasaga uwele kwenye jiwe kuanzia alfajiri, kruu, kruu, kruu. Wanaume wamekaa nje uani wanazungumza ya kwao wakidhani lile jiwe linawafunika. Halikuwa linawafunika. Bibi yangu aliposikia neno linalomhusu jiwe lilinyamaza, kidogo tu, kama mtu anayeongeza punje, halafu likaendelea. Mimi mtoto nimekaa pembeni yake nilikuwa najua, jiwe likinyamaza kuna mtu nje amesema uongo. Jioni babu akiletewa ugali bibi anamnong'oneza neno moja. Kesho kwenye baraza babu anauliza swali, watu wanasema mzee huyu ana maono.

Mama yako akisimamisha mkono kwenye ungo, mimi nimelisikia jiwe la bibi yangu, nimeacha chai yangu imepoa.

Riwaya hiyo siijui kama ipo. Kama haipo basi mpelelezi asiwe mtemi. Awe mke mkubwa wa mtemi, au dada yake aliyeachika akarudi nyumbani, huyo hakuna anayemwangalia. Na kuhusu yule msaidizi, neno la zamani lipo, mpambe. Mpambe wa mtemi hakuwa mchapaji wa barua.

BintiIlazo:
Mzee shikamoo sana. Nimemsomea mama maneno yako yote, kasema tembe ya kwao Mvumi ilikuwa na kitundu upande wa jua linapozama na kwamba uwele wa sa hizi wa mashine hauna ladha. Halafu akakaa kimya muda mrefu. Neno mpambe limekubaliwa rasmi, toka leo Rozie ni mpambe.

MzeeWaMvumi:
Upande wa jua linapozama, ndiyo. Muulize alikuwa kwa nani, labda ni ndugu.

NyerereSquare_Jioni:
Mnaotaka ya Kiswahili mbona mnamsahau Bwana Msa?? Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, kilikuwa kimeshinda shindano la uandishi kabla hata hakijachapwa. Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum. Halafu Kisima cha Giningi, Siri ya Sifuri na vingine. Hana utemi lakini ni hiyo hiyo familia ya upelelezi wa chai na maandazi, maiti iko moja, imekaa kwa adabu, damu hakuna, na kazi yote ni kuzungumza na kufikiri, mwisho watu wanakaa sebuleni wanaelezwa. Bara huku sisi tulienda njia nyingine, Musiba na Willy Gamba wake, Mtobwa na Joram Kiango, bastola, ndege, warembo, majasusi wa makaburu. Mi nimekulia humo siwezi kuvisema vibaya, Njama nilisoma chini ya dawati nikachapwa. Ila kwa mama mwenye jicho moja na ungo wa choroko, nenda kwa Bwana Msa. Angalizo tu, Kiswahili chake ni cha Unguja cha zamani, kuna maneno utahitaji kamusi na kamusi nayo itahitaji msaada.

MakoleMsomaji:
Umenikumbusha, na wa kizungu wa kifalme Elizabeth hayuko peke yake. Kuna Rhys Bowen ana mfululizo wa Her Royal Spyness, ulianza 2007, mpelelezi ni Georgiana, binti wa ukoo wa kifalme, wa 34 kwenye foleni ya kurithi kiti, mambo ya 1932, na hana hata senti. Kaka yake mwenye cheo cha duke huko Scotland kamkatia posho, yeye hawezi kuajiriwa maana ataaibisha ukoo, basi anajifunga kitambaa anaenda kusafisha nyumba za watu kwa siri apate hela ya kula. Hiyo mama atacheka. Na Peter Lovesey alishamfanya mtoto wa Malkia Victoria kuwa mpelelezi tangu 1987, yule Bertie, yeye ndo anasimulia mwenyewe, anajiona kichwa kweli na kila anayemshuku siye. Kila mara. Unasoma unatamani kumshika mkono.

KarangaZaKongwa:
Huyo wa kusafisha nyumba huyo ndo nitasoma.

Mwanahombolo:
Mi nimesoma kile cha kwanza kwa kusikiliza kwenye simu nikiwa napogoa zabibu shambani, ni kizuri ila katikati kinakokota, vikao vingi mno, wakubwa wanaingia wanatoka, kuna safu tatu nzima za mizabibu hakuna kilichotokea. Na niseme ukweli, Malkia kafanywa mwema mno. Mtu kakaa kitini miaka 70 huwezi kuniambia hajawahi kumkosea mtu, hata mbwa anawasema vizuri. Natamani mwandishi angemwonesha akikosea siku moja na mtu asiye na hatia anaumia.

MakoleMsomaji:
Hapo kwenye wema mno nakubaliana na wewe. Kwenye kukokota hapana, labda ni jua la Hombolo.

WakiliUchwara:
Malkia mwenyewe aliwahi kuja Tanzania 1979, Julai, akiwa njiani kwenda mkutano wa Jumuiya ya Madola Lusaka. Mtunzi wa Kiswahili mwenye akili angechukua siku hizo chache akaweka maiti. Mimi naitoa bure wazo hilo.

BintiIlazo:
Wakuu nimerudi na nina jambo, samahani ni refu.

Tunapoishi ni nyumba ya wapangaji watano na LUKU moja, tunachangia. Tangu mwezi uliopita yuniti zinaisha kama zinavuja, tulikuwa tunaweka zinafika wiki mbili sasa hazimalizi wiki. Kelele ikaanza, na kidole chote kikaenda kwa dada mmoja mwenye friji anayeuza barafu na juisi ya ubuyu, wakamsema mpaka akawa anapita na ndoo kichwa chini. Mwenyekiti wetu wa kujiteua tumwite Baba K, huyo ndo alikuwa anaongoza, kila jioni anasimama mbele ya ile mita kama anaikagua gwaride.

Mama jioni anakaa barazani na miwani yake myeusi ya hospitali. Watu wanamchukulia haoni, wanaongea mbele yake kama mbele ya mtungi wa maji. Hakusema neno hata moja, hata kwangu.

Juzi Baba K anatoka kazini, shati limenyooka lina mistari kama limetoka dukani. Mama akamwita, "Njoo mwanangu nikusalimie, harufu ya nguo yako inanikumbusha marehemu mume wangu, nani anakupigia pasi vizuri hivi?" Yule akafurahi, akamwambia ni yule kijana wa chumba cha nyuma, anawapigia watu wengi tu mtaani, shati shilingi mia tano. Mama akasema, "Kumbe. Mtoto mzuri huyo, anajituma." Kimya kidogo. Halafu akauliza, "Na pasi yake ni ya mkaa?"

Mi niko dirishani nakunja nguo. Nilimwona Baba K anafungua mdomo kujibu halafu hajibu. Akaaga.

Jumamosi kikao. Baba K kasimama, "Ndugu wapangaji, katika uchunguzi wangu wa wiki nzima," na akaeleza yote, pasi ya umeme, saa kumi alfajiri, mashati ya mtaa mzima, kijana wa watu akakiri kabla hajamaliza. Wamekubaliana atachangia mara tatu na atapiga mchana watu wakijua, na dada wa barafu kaombwa msamaha na kila mmoja, Baba K kanunua juisi za watu wote kwa hela yake. Makofi. Mama naye anapiga makofi, anasema, "Hongera baba, una akili sana wewe."

Usiku nikamkalisha. Mama ulijuaje? Akaniambia ile dawa ya matone anaamka kuiweka saa kumi, na kila siku saa hiyo anasikia upande wa nyuma, tsss. Maji kwenye chuma cha moto. Siku nne kaihesabu. Nikamuuliza mbona hukusema? Kaniangalia kwa lile jicho jipya, "Ningesema mimi, yule kijana angenichukia na Baba K angebisha."

Sijui kama kayatoa kwenye kitabu au alikuwa nayo siku zote mi ndo sikuwa naangalia.

MzeeWaMvumi:
Alikuwa nayo.

NyerereSquare_Jioni:
"Na pasi yake ni ya mkaa?" Mkuu nimecheka ofisini bosi kaja kuniuliza kuna nini.

KarangaZaKongwa:
Mleta mada andika ya mama yako tutanunua. Kweli. Mimi wa kwanza.

BintiIlazo:
Zimebaki sura tatu, tunamaliza leo. Mama kaniambia nilete daftari, kaandika jina mwenyewe kwa herufi kubwaaa maana bado hayaoni madogo, kakunja karatasi kaliweka chini ya ungo, anasema tutafungua nikimaliza kusoma. Alivyoenda kuoga nikachungulia. Ni mtu ambaye mi mwenyewe sikumbuki nilimtaja lini, sa hizi narudisha kurasa nyuma kutafuta.

MakoleMsomaji:
Usiliandike hapa! Njoo inboksi.

BintiIlazo:
Nimekutumia.

MakoleMsomaji:
Dah.
Mpe shikamoo yangu.